Tahadhari: muuza miti ya pinde anayejidai yuko Mang'ola

Wakuu, jana nilimsindikiza mwenzetu zahanati kutolewa nyuzi nne juu ya nyusi ya kulia. Kipande kilichompiga kingeshuka kidogo tu, leo ningekuwa naandika habari ya jicho. Kilikuwa kipande cha upinde wake mwenyewe, alioukwangua kwa mikono yake siku tisa, na mti wake tuliuziwa na mtu ambaye mimi ndiye niliyewaambia wenzangu kwamba ni mwaminifu. Nilimdhamini kwa mdomo wangu. Nawaomba radhi wote walionisikiliza, na nawaomba msome hadi mwisho kwa sababu huyo mtu bado anauza.

Kwa wasiotujua: sisi ni watu watano, sita tukijaliwa, tunakutana uani kwangu Tabata kila Jumamosi tunachonga pinde za asili. Hatuwindi, na hatuna mpango wa kuwinda. Tunapiga shabaha gunia lililoshindiliwa makumbi ya nazi, basi. Vifaa vyetu ni panga, tezo, tupa, msasa na vipande vya kioo vya kukwangulia. Raha yake anaijua aliyewahi kuona mti uliokuwa mgumu kama mchi unaanza kupinda taratibu, pande zote mbili sawasawa, kama mwezi mchanga.

Shida yetu hapa Dar ni mti wenyewe. Ukienda Buguruni au Keko utapata mbao, tena nzuri: mninga, mkongo, paina. Lakini mbao ya msumeno imekatwa kwa kufuata rula, haikufuata nyuzi za mti. Upinde unataka mche mwembamba ulionyooka, au gogo lililopasuliwa kwa kabari likafuata nyuzi zake, na mgongo uachwe kama ulivyokuwa chini ya gome. Mpingo wengi wanauulizia kwa sababu wanauona Mwenge kwenye vinyago. Ni mti mzito mno, unafaa kinyago kuliko upinde. Tunaoutafuta sisi ni mkole, na jamii nyingi za Afrika Mashariki zimechonga pinde kwa miti ya jamii hiyo. Wazaramo mkole wanaujua kwa heshima nyingine kabisa, kwenye mambo ya mwali, na nilipomuuliza mama mmoja jirani yangu alinitazama kwanza kujua nautakia nini.

Basi mkole mkavu ulionyooka ni adimu mjini, na tapeli akapenyea hapo hapo.

Alinitafuta mwenyewe kwa ujumbe wa simu, akasema ameona picha za kazi zetu. Akajitambulisha kuwa yuko Mang'ola, wilaya ya Karatu, pembeni ya Ziwa Eyasi, na kwamba anapewa miti na wazee wa Kihadzabe wanaoikausha kwa moshi miaka mitatu. Kwa anayependa pinde, jina la Wahadzabe lina uzito. Ni watu wachache sana, wanaokadiriwa kuwa kati ya 1,000 na 1,300, na ufundi wao wa upinde unajulikana dunia nzima. Kulitumia jina lao kama chambo kumeniuma kuliko hata hela.

Sikumwamini moja kwa moja. Nilimwambia anitumie mti mmoja kwanza. Akautuma, shilingi 30,000 na nauli ya basi. Na mti ule, wakuu, ulikuwa mzuri kweli: mkole, mkavu, umenyooka, gome bado lipo. Upinde wake ninao mpaka leo. Nikauonyesha kwa wenzangu, nikausifia, tukachanga. Tukaagiza miti 12 kwa shilingi 35,000 kila mmoja, jumla 420,000. Tukakubaliana kumtangulizia 300,000, halafu 120,000 mzigo ukifika. Hapo ndipo akasema, "kaka, ile hela tuma kwenye namba hii nyingine, jina litakuja la shemeji yangu, ya kwangu ina tatizo." Sentensi hiyo kila Mtanzania ameshaisikia. Niliisoma kwa macho yangu mawili, nikatuma na ya kutolea, kwa sababu ule mti wa kwanza ulikuwa mzuri.

Mzigo niliufuata stendi ya Magufuli, Mbezi. Ilikuja miti mitano badala ya 12, imefungwa kwenye sandarusi. Kwenye risiti ya mzigo paliandikwa umepakiwa Chalinze, huku huku Pwani, si Karatu. Nikapiga simu, akasema ulishushwa pale ukahamishiwa basi jingine, na ile saba iliyobaki itakuja nikishamalizia 120,000. Nikaanza kupata wasiwasi, lakini nikasema ngoja nifungue kwanza.

Miti yote mitano ilikuwa imeshamenywa gome na kupakwa kitu cheusi chenye kung'aa. Nilipoushika mmoja mkono wangu ulitoka na weusi, na harufu ikawa ile ya kibanda cha mng'arisha viatu: dawa ya viatu. Kwenye vichwa vyote viwili vya kila mti pameyeyushiwa mshumaa, mnene kama kizibo. Kuziba vichwa vya mti si kosa, tena ni kazi nzuri, maana maji hutoka haraka zaidi vichwani na mti hupasukia huko. Mimi mwenyewe napaka rangi ya mafuta. Lakini nta ile ilikuwa imechanganywa na weusi mpaka huwezi kuona mti ndani ukoje. Nikachukua msumeno, nikakata kichwa kimoja kama vidole vitatu. Ndani palikuwa peupe, pamelowa. Nilipobonyeza kwa ukucha, pakatoa unyevu.

Siku ya pili nikaenda na kile kipande kwa fundi seremala mmoja Keko, mzee wa siku nyingi. Hakukitazama hata nusu dakika. Akasema, "Mwanangu, huu mrunda. Mkaratusi huu. Ndiyo tunashikilia zege." Nikamwambia nimeuziwa 35,000. Akakaa kimya, akanirudishia kile kipande mkononi kama mtu anayerudisha barua ya msiba.

Kumbe katika ile mitano, mitatu ilikuwa mibichi na miwili ilikuwa imekauka vibaya. Hiyo miwili ilipasuka juani, mipasuko ikajazwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, ikapigwa msasa, ikapakwa ile dawa ya viatu juu. Hatari iko kwenye hiyo miwili. Mti mbichi ukiuchonga kwa kawaida haukatiki ghafla. Unapinda na haurudi, unakuwa kama ndizi, unapoteza kazi yako na muda wako. Lakini mti wenye mpasuko uliofichwa unakupa moyo. Ni mkavu, unalia vizuri ukiugonga, unapinda vizuri, mpaka siku unapouvuta hadi shavuni.

Kwa wageni nieleze kidogo. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Nyuzi za mgongoni ndizo zinazobeba mzigo, na zikiwa zimekatika popote, upinde utafungukia hapo hapo. Mpasuko wa upinde wa mwenzetu ulikuwa mgongoni, nusu ya juu ya upinde, kama shubiri moja kutoka kwenye ncha, umejazwa gundi. Alifunga upote, ile kamba ya upinde, akavuta nusu mara kama ishirini, akaona uko sawa, akavuta kamili. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilisikia mlio kama bati lililopigwa jiwe, halafu nikamwona amekaa chini ameshika uso, na damu inapita kati ya vidole. Ncha ya upinde tuliiokota ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, ambako watoto hucheza jioni.

Mti wake alichukua kabla sijafungua mzigo wote. Nilimpa mimi.

Mibichi niliipima kwa mizani ya jikoni, na hiki ni kipimo ambacho kila mnunuzi akifanye. Mmoja siku ya kwanza ulikuwa gramu 2,310. Baada ya wiki, 2,120. Baada ya wiki tatu, 1,870. Gramu 440 zimeondoka, karibu chupa ya nusu lita ya maji, kutoka kwenye mti ulioambiwa umekaa motoni miaka mitatu. Nilipima pia mti mwingine nilio nao darini, chini ya bati, tangu mwaka jana: 1,640, na wiki tatu baadaye 1,630. Mti uliokauka uzito wake unatulia. Na hiyo miaka mitatu ni maneno matamu tu. Mche wa unene wa kifundo cha mkono, ukimenywa na kuwekwa kivulini penye hewa, kwa joto letu unataka miezi kadhaa, ila unyevu wa bahari hapa Dar unachelewesha kidogo, ndiyo maana mimi naweka darini.

Kama huna mizani, uweke shavuni: mti mbichi ni wa baridi. Na usinunue mti uliopakwa chochote mwilini. Anayeuza mti mzuri hana sababu ya kuupaka rangi, kwa sababu nyuzi zake ndizo sifa yake. Mwambie achane kibanzi kimoja kwa kisu mbele ya kamera. Kibanzi kikichanika kikanyooka, nyuzi zimenyooka. Kikizunguka mti kama kamba iliyosokotwa, achana nao. Na vichwa vikatwe upya ukiona, si picha ya jana.

Jambo jingine ambalo nilipaswa kuuliza mapema ni karatasi. Mazao ya misitu hayasafirishwi hivi hivi, yanataka hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, ile watu wa mbao wanaiita TP. Nilipomuuliza baada ya mzigo kufika, alisema "hiyo ni ya mbao kubwa kubwa, kaka." Muuza mbao wa kweli hawezi kukujibu hivyo.

Namba yake siiweki hapa. Ameshabadilisha mara mbili tangu nimbane, na ukikariri namba utamkosa akija na ya tatu. Mwenendo wake ndio huu: anakutafuta yeye, anakusifia kazi yako kwanza, anataja wazee na moshi na miaka mitatu, mti wa kwanza ni mzuri kweli na wa bei ya chini, halafu anakuhimiza mchange wengi "ili nauli iwe moja". Picha zake zina kivuli cha mtu mwenye kofia pana na ukuta wa matofali ya kuchoma nyuma. Video hapigi kabisa, anasema mtandao Mang'ola ni mdogo. Wiki iliyopita mtu wa Kigamboni alinitumia picha aliyotumiwa na "muuzaji wa Mbulu", na ukuta ni ule ule, hata lile tofali lililomeguka kona ya chini.

Nimeshafungua RB kituoni, nikapeleka risiti ya basi, ujumbe wote na taarifa za muamala. Askari aliyenipokea alinisikiliza vizuri, akasema tukiwa walalamikaji wengi inasaidia. Namba zote mbili nimezituma pia 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli. Ukipokea ujumbe wake fanya hivyo hivyo, hata kama hujatuma hela. Na kwa waliotuma, mpigie mtandao wako wa simu mara moja. Mimi nilisubiri siku sita nikiogopa kumkasirisha mtu mwenye miti yangu, na nilipopiga hela ilikuwa imeshatolewa zamani.

Najua kuna waliopokea miti yake na hawajaichonga, wengine wameshaanza. Tafadhalini, msiivute. Hata kama inaonekana mizuri, hata kama umeshaikwangua nusu. Kama umeshafunga upote, ufungue polepole na usimwachie mtoto aushike. Jumamosi hii kuanzia saa tatu asubuhi niko uani na msumeno, mizani na taa. Leta mti wako tuukate vichwa na tuufute weusi kwa mafuta ya taa tuone una nini ndani, bure. Ukiwa mzima utarudi nao. Ukiwa na gundi ndani, tutaupiga picha, tutauandika uzito, nami nitaupeleka Jumatatu kituoni pamoja na ile mingine iliyobaki kwangu, na kile kipande kilichovuka ukuta.