Rubi za nyota kwa sonara wa Mtaa wa Indira Gandhi

Kama unatafuta cheni ya kuvaa harusini Jumamosi hii, pita, hili si duka lako. Nenda Kariakoo, utapata chapchap na bei mtaelewana. Hapa Indira Gandhi, kwenye kaduka kasiko na kibao cha maana, watu wanakuja kwa ajili ya mawe. Mimi nilifuata rubi yenye nyota, yaani lile jiwe jekundu linalotoa miale kama nyota ukilimulika.

Baba yangu alikuwa dalali wa mawe Morogoro, hivyo rubi za Matombo nimezishika tangu mdogo. Nyekundu yake tamu, ila nyingi alizoleta mwanga haukupita. Yenye nyota kali hakuwahi kuja nayo nyumbani, ingawa aliizungumzia sana.

Mzee mwenye duka aliniteka pale alipozima taa zote za kaunta. Maduka mengine hukuwashia taa kibao kichwani, jiwe likameremeta na nyota usiione. Yeye alivuta pazia, akawasha kitochi kimoja, akakishika juu ya jiwe. Miale sita ikajitokeza mgongoni. Alipokisogeza kitochi kushoto, nyota nayo ikaufuata mwanga.

"Ikigoma kutembea, mama, usitoe hela yako," akaniambia.

Kisha akaeleza bila haraka, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baba alirudi mikono mitupu. Ndani ya rubi ya namna hii mna sindano nyembamba mno za madini ya rutili, zimejipanga pande tatu. Mwanga ukizigonga ndipo unapata miale sita. Jiwe halikatwi pembepembe, linaachiwa mgongo wa mviringo, na mkataji akikosea upande kidogo nyota inahamia pembeni. Shida ni kwamba sindano hizohizo ndizo zinazofifisha jiwe. Zikizidi, nyota kali lakini rangi imekufa. Zikipungua, rangi safi na nyota ya kubahatisha. Jiwe moja liwe na wekundu uliokolea, lipitishe mwanga kiasi, na miale yake ifike ukingoni bila kukatika? Wachimbaji wengi wanazeeka bila kuliona. Tena rubi nyingi siku hizi zinapikwa kwenye tanuri ili zing'ae, na moto ukiwa mkali unayeyusha sindano, nyota ndiyo basi.

Alinitolea za India kwanza: nyekundu ya kiza inayoelekea zambarau, nyota ipo, bei ya mtu wa mshahara. Za Sri Lanka zina uwaridi na mwanga unapenya. Ile rubi ya nyota maarufu iitwayo Rosser Reeves, karati 138.7, iliyoko makumbusho ya Smithsonian kule Washington, ilitoka Sri Lanka pia. Mwisho akafungua karatasi iliyokunjwa, ndani kajiwe ka Mogok, Myanmar (Burma ya zamani), hata kunde inakazidi. Sikuthubutu kukashika. Kwa bei aliyotaja ningepata kiwanja Chanika na hela ya tofali ikabaki.

Nilikuwa na pete ya shangazi mkobani, nikampa nione atasemaje. Aliigeuza, akatazama upande wa chini wa jiwe kwa lenzi yake, akanirudishia taratibu. "Si kioo, mama. Ni rubi, lakini ya kiwandani." Nyota ilikaa katikati mno na miale ilikuwa haina dosari hata moja, na chini palikuwa laini kabisa. Mawe ya asili mara nyingi huachwa na mikwaruzo chini ili uzito usipotee. Kampuni ya Linde ya Marekani ilianza kutengeneza hizi mwaka 1947, na baadhi ziligongwa herufi L nyuma. Ya shangazi haina L. Shangazi naye haambiwi chochote, anaijua kuwa ya Burma na tumwache hivyo.

Nilichukua ya India kwenye pete ya fedha, laki tatu na nusu yote kwa yote, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikapewa bila kuomba. Jiwe sina neno nalo. Fundi wake wa fedha ndiye ananitia shaka: kucha zinazoshika jiwe zilikuwa zinakwaruza kitenge, ikabidi nirudi zikapigwe msasa, na ahadi ya "kesho" pale inachukua wiki. Cheti cha maabara hatoi, ila mwenyewe alisema kwa jiwe la Mogok mtu asilipe kabla halijapimwa kwingine. Wangapi mjini hapa watakwambia hivyo kwa mali yao wenyewe?

Nenda mchana, siyo Ijumaa wakati wa swala, maana anafunga. Na gari liache Posta utembee. Maegesho ya mtaa ule ni ugomvi mtupu.