Uzoefu wangu: karate na yoga kwenye klabu moja hapa Mwanza

Kama unatafuta pa kukata tumbo ndani ya wiki mbili kabla ya send-off, hapa sio, nasema mapema usije ukapoteza hela yako.

Mi nauza vitenge Makoroboi, kutwa nimesimama au nimeinama kwenye marobota, mgongo ulikuwa unanisumbua kwelikweli. Nikaanza na jimu moja (siitaji jina) ina mashine nzuri sana ila mwalimu muda wote yuko kwenye simu, unanyanyua chuma hakuna wa kukwambia mgongo umepinda, nikaacha. Ndo nikaja hapa, jioni karate na Jumamosi asubuhi yoga, vyote ada moja 40,000 kwa mwezi.

Karate yao ni mtindo wa Goju-ryu, ule alioanzisha Chojun Miyagi wa Okinawa, Japani. Watu wengi wanaingia wanataka kurusha mateke, wanakuta mwanzoni ni kusimama na kupumua, wanakatika hapohapo. Kwangu hiyo ndo sehemu yenye thamani kuliko zote. Kuna kata (mfululizo wa mikao na hatua zilizopangwa) inaitwa Sanchin, unasimama miguu upana wa mabega, mmoja umetangulia kidogo, vidole vinatazama ndani, magoti umeyalegeza, halafu unasogea polepole unavuta hewa puani unaitoa mdomoni na tumbo umelikaza. Sensei, yaani mwalimu wa karate, anapita nyuma yako anakugonga kwa kiganja mabegani, kwenye mapaja, anajua papo hapo wapi umekaza na wapi umelegea. Akikuta mabega yamepanda anayabonyeza, "mama, pumzi ishuke tumboni", na haondoki mpaka ishuke, hata kama darasa zima linasubiri. Jasho linadondoka sakafuni na ngumi hujarusha hata moja jamani!

Baadaye ndo unapewa kata nyingine, Gekisai Dai Ichi, Miyagi aliitunga 1940 kwa ajili ya wanaoanza. Unakinga juu, unapiga ngumi, kisha unashuka kwenye mkao wa shiko dachi, miguu mipana magoti nje, mapaja yanawaka, na kama unaishi milimani Mabatini zile ngazi za mawe kesho yake utazijua.

Sasa yoga, maana najua swali linalokuja, kama ni mambo ya dini. Hapa hawaimbi mantra, yale maneno ya ibada, wala hawasomi kitu chochote, ni mikao na pumzi basi, wapo wamama wa hijabu na wa kwaya wamepanga mikeka pamoja. Yoga asili yake India na imetoka kwenye dini za kule, hilo halifichiki, kama dhamiri yako haikubali njoo karate tu hakuna atakayekulazimisha. Kwangu mimi mkao wa nyoka ndo umefanya kazi, unalala kifudifudi unainua kifua kwa nguvu ya mgongo wenyewe, mikono isisukume, mwalimu ni dada mmoja mpole lakini macho yake yanaona kila kiwiko. Tena nikagundua ile pumzi ya Jumamosi inanisaidia kwenye Sanchin na ya Sanchin inanisaidia mkekani, sa hivi nashusha robota nikiwa natoa pumzi na mgongo haunishiki tena. Wewe kama umeambiwa una shida ya diski pita kwa daktari kwanza.

Kasoro zipo. Chumba cha wanawake kubadilishia nguo ni kidogo mno, tunapokezana, na hili nimeshamwambia sensei uso kwa uso. Mvua ikinyesha kwenye bati husikii hesabu, ile "ichi, ni, san" (moja, mbili, tatu ya Kijapani) inapotelea juu. Na kuna zile jioni wadudu wa ziwani wanatoka kama moshi wanafuata taa, hapo kupumua kwa mdomo ni kazi, wafunge wavu madirishani, sio gharama kubwa.

Suti ya karate usinunue haraka, wanakuruhusu trakisuti na tisheti mpaka uwe na uhakika unabaki, ila kucha ukate na hereni uvue, hapo hawana mchezo. Wanaotoka Nyegezi na Igoma waulizie darasa la saa kumi na mbili asubuhi, usiku daladala zinasumbua. Mimi mwezi ujao nalipia tena, na binti yangu naye namwandikisha darasa la watoto.