Nilivyoikwepa kozi ya kompyuta kwa mtihani wa CLEP

Miaka sita nilikaa nyuma ya kompyuta kwenye steshenari ya mjomba, Barabara ya 12, Tanga. Nimechapa barua za kuombea kazi, kadi za michango ya harusi, na ripoti za wanafunzi waliokuwa wanakuja magharibi wakati kazi inatakiwa kesho asubuhi. Printa ikikwama, fundi ni mimi. Sasa niko Houston, Marekani, nimeanza chuo cha miaka miwili nikiutafuta uuguzi, nafungua mpango wangu wa masomo nakuta lazima nisome utangulizi wa kompyuta: krediti 3 (krediti ni vipimo vya masomo unavyokusanya mpaka uhitimu), muhula mzima, na ada juu. Nilijiona kama mtu mzima anayefundishwa kufunga msuli.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa Mombasa tunayefanya naye zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Aliniangalia tu. "Kaka, mbona walipia kitu ukijuacho? Fanya CLEP." Yeye alikuwa ameshaondoa masomo mawili kwa njia hiyo.

Kwa wasioijua, CLEP ni mitihani ya College Board, shirika la Marekani, hao hao wenye SAT, mtihani wa kuombea chuo, na imekuwepo tangu 1967. Ukifaulu, chuo kinachoikubali kinakupa krediti bila kukaa darasani. Wa kompyuta unaitwa Information Systems: maswali yapatayo 100 ya kuchagua jibu, dakika 90, alama kuanzia 20 hadi 80. Baraza la elimu la huku, ACE, linapendekeza mwenye 50 apewe krediti 3. Linapendekeza tu. Mwenye kauli ni chuo chako, na hapo ndipo nilipoumia, nitafika.

Hela: mwaka niliofanya, ada ya mtihani haikufika dola 100, na hata hiyo sikuitoa mfukoni. Kuna shirika liitwalo Modern States lenye kozi za bure mtandaoni. Ukimaliza ya somo lako unaomba vocha, vocha inalipia mtihani. Vituo vingi hutoza na ada yao juu ya hiyo, kwa hiyo piga simu uulize kabla ya kwenda.

Nikaona mteremko. Nikafanya jaribio moja la mazoezi bila kusoma, nikiwa nakunywa chai, na nikachapwa vibaya.

Ni kwamba mtihani huu haukuulizi unaweza kufanya nini na kompyuta. Unakuuliza vitu vinaitwaje na vinahusianaje. Ukisoma mgawanyo wake utaona programu za ofisini, yaani kuchapa, majedwali na mengine ya aina hiyo, ni kama asilimia 10 tu. Miaka yangu sita ya steshenari, asilimia kumi! Fungu kubwa kuliko yote, asilimia 20, ni mambo ya biashara, jamii na maadili: hakimiliki, faragha, utapeli wa mtandaoni. Yanayobaki ni intaneti, mifumo inayowasaidia mameneja kufanya maamuzi, vifaa, hatua za kuunda mfumo, misingi ya uprogramu na hifadhidata. Wala si mambo magumu. Ni maneno mengi tu, na yote kwa Kiingereza cha vitabuni.

Kilichonisaidia ni kuacha kukariri na kutafuta kila neno limekaa wapi kwenye maisha yangu. Hifadhidata ilinisumbua wiki nzima, hasa habari ya ile safu inayotambulisha rekodi moja isifanane na nyingine. Kisha nikakumbuka daftari la madeni la mjomba. Tulikuwa na Mama Salma watatu, na mmoja akawa anadaiwa kopi za mwenzake mpaka ugomvi ukatokea dukani. Mjomba akampa kila mteja namba, ikaandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni ya jina. Basi, ndiyo hiyo hiyo. Baada ya hapo somo likafunguka.

Nilisoma wiki tano, saa moja moja kabla ya zamu. Mtu mwenye siku zake huru atatumia chini ya hapo.

Siku ya mtihani kilichonitoa jasho ni jina. Kitambulisho changu kina majina matatu, langu, la baba na la babu. Akaunti nilikuwa nimeifungua kwa majina mawili. Mama wa mapokezi akatazama skrini, akatazama kitambulisho, akaenda kumwita mwenzake. Dakika kumi na tano nimesimama pale, simu imeshafungiwa kwenye kabati, nikimlaumu babu ambaye hana kosa lolote. Wakanikubalia. Nyinyi andikeni majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, msibahatishe.

Alama hutoka papo hapo ukimaliza. Nilipata 58. Ningefeli ningengoja miezi mitatu kabla ya kurudia.

Sasa yale maumivu. Mshauri wa masomo alikuwa ameniambia kwa mdomo, "ndiyo, tunapokea." Kweli walipokea. Krediti 3 zikaingia kama somo la hiari, na sharti la kompyuta likabaki jekundu vile vile kwenye mpango wangu, yaani halijatimizwa. Ilibidi niandike barua pepe kwa mkuu wa idara, nimtumie muhtasari wa mtihani, nikumbushe, nikumbushe tena. Karibu miezi miwili ndipo likabadilishwa. Kumbe swali nililouliza lilikuwa pungufu. Ukienda kwa mshauri, muulize kwa barua pepe: alama ngapi mnataka, na mtihani huu unaingia badala ya kozi gani, kwa namba yake? Jibu lake lihifadhi.

Kama chuo chako hakitaki huu, angalia DSST, mitihani iliyoanzia jeshini na sasa iko chini ya Prometric. Upo wa kompyuta pia, kufaulu ni alama 400, na kurudia ni baada ya siku 30. Kuna vyuo vinapokea mmoja na kukataa mwingine.

Mimi ningeufanya tena bila kusita. Lakini mdogo wangu aliyefika mwaka jana, ambaye kompyuta kwake ni simu, nimemwambia akae darasani muhula mzima. Akifika kwenye kemia atatakiwa kuandika ripoti za maabara na kuchora grafu kwenye Excel, na hilo halimo kwenye vocha.