Mto wa sufi na mkao wa Sukhasana: wiki sita za kukaa chini

Nilikuwa nimeshaamua kwamba yoga si ya mwili wangu. Nikikaa chini nikakunja miguu, magoti yanabaki juu kama ya panzi, mgongo unapinda, kifua kinafunga. Kazi yangu ni ya kiti, kule Mtumba, hapa Dodoma, asubuhi mpaka jioni. Nikishuka kwenye daladala Ipagala kiuno kimekaza. Kwa hiyo mwenzangu mwenye hali kama yangu, haya nakuandikia wewe.

Sukhasana, ule mkao wa yoga wa kukaa chini na kupishanisha miguu, ni neno la Kisanskriti: sukha ni raha, asana ni mkao. Siku ya kwanza nilitandika khanga mbili juu ya sakafu ya sementi na sikumaliza dakika tatu. Vifundo vya miguu vilichoma, mguu wa kulia ukafa ganzi, nikawa nimeinama kama mtu anayechambua mchele. Sisi wanawake tuliokulia kwenye mkeka tumezoea kunyoosha miguu, si kuipishanisha.

Nilidhani shida ni magoti. Kumbe ni nyonga. Nyonga zikikaza, magoti hayashuki, na magoti yakiwa juu kuliko nyonga, kiuno kinavutwa nyuma hata ujitahidi vipi kukaa wima. Usiyakandamize kwa mikono, tafadhali. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua, halikuumbwa kusokotwa. Kinachotakiwa ni kuinua makalio.

Nikaagiza mto wa sponji mtandaoni. Ulikuja mzuri wa macho, ila ukiukalia unadidimia mpaka unaisikia sakafu, na ndani ya siku nne ulishakuwa bapa. Nilipoomba kuurudisha sikujibiwa. Iliniuma, maana hela ile niliidunduliza.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa makochi, Majengo.

"Dada, unataka wa kulalia au wa kukalia?"

"Wa kukalia, fundi. Uwe mgumu."

"Basi nitaushindilia sufi. Ila usije ukalalamika shingo."

Akaushona wa mviringo, kwa kitambaa cha jinzi, kimo kama shubiri. Nililipa shilingi 22,000, sufi ikiwa ndani ya bei. Ukiukalia unashuka kidogo, halafu unagoma. Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza ile mifupa miwili ya makalio ikikaa sawasawa, na mgongo ukapanda wenyewe bila kulazimishwa.

Namna ninavyokaa: mkeka chini, mto juu yake. Nakalia ukingo wa mbele tu, siujazi mto wote, ili mapaja yateremke. Napishanisha miguu kwenye muundi, kila unyayo unaingia chini ya goti la upande wa pili. Goti la kushoto langu bado halifiki chini, kwa hiyo naliwekea kitenge kilichoviringishwa. Likipata pa kuegemea, nyonga inalegea. Mikono juu ya mapaja, pumzi kwa pua. Leo mguu wa kulia mbele, kesho wa kushoto. Hili la kubadilisha watu wengi wanalisahau, wanajikuta upande mmoja umezoea na mwingine mgumu vilevile. Nilianza na dakika tatu, sasa nakaa kumi na tano kabla sijajiandaa kwenda kazini. Jioni kiuno bado kinachoka, lakini hakikazi kama zamani.

Kasoro za mto zipo. Sufi hujikusanya, hivyo kila Jumamosi nauanika juani na kuupigapiga. Vumbi la Dodoma nalo linaupenda mno. Wiki ya tano ulipungua kimo, nikarudi kwa fundi akaongeza sufi bila kunitoza. Na kama goti lako liliwahi kuumia, au linauma ukilikunja, usianzie chini: kaa kwenye kiti, nyayo sakafuni, umuulize daktari kwanza.

Jirani yangu aliniuliza kwa upole kama nimebadili dini. Nikamwambia, "Mama Neema, nimekaa tu, napumua." Asili ya yoga ni India na huko ina mizizi ya kiroho, sikumficha, ila mimi naomba sala zangu zilezile. Jumapili alikuja akaukalia mto wangu, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe mgongo unanyooka."

Nimeshaagiza mwingine, wa mama. Wake nimemwambia fundi auongeze kimo, maana nyonga zake zimekaza kuliko zangu.