Begi la lita 55 la kujiandaa na haiki ndefu: nyota nne

Hili begi nalipatia nyota nne kati ya tano, na hio moja niliyoitoa ntaieleza huko chini. Kampuni siitaji maana mabegi ya muundo huu yanatengenezwa na wengi, we angalia sifa tu: lita 55, likiwa tupu lina kilo moja na kitu hivi, fremu nyepesi ya alumini mgongoni, mkanda mnene wa kiunoni na mfuko mkubwa wa wavu kwa mbele. Nimelitumia kwenye mazoezi, Appalachian Trail yenyewe, ile njia ndefu ya haiki (kutembea kwa miguu porini na milimani) huko Marekani, sijaenda bado, ila ndo safari ninayojiandaa nayo na kiukweli katika vyote nilivyonunua hakuna kilichonisaidia kama hili begi.

Nasema hivo kwa sababu shida ya hizi haiki za miezi mitano sita sio kukosa hamu mwanzoni, hamu ipo tele. Unakesha unaangalia ramani, njia ya kilomita kama 3,500 kutoka Georgia mpaka Maine, majimbo 14, unapanga vitu gramu kwa gramu, unalinganisha hema na hema, alafu kunakucha na miguu yako haijapanda hata kilima kimoja. Begi likishajaa likasimamishwa mlangoni ni kama mgeni ameshavaa viatu anakusubiri mtoke, unaona aibu kumwambia arudi akae. Basi mnatoka. Ila lipakie vitu utakavyobeba kweli, hema, begi la kulalia, jiko, nguo za mvua, usijaze matofali wala dumu la maji, maana kitu kimoja kizito kinakaa vingine kabisa mgongoni na wala hutajifunza kupakia. Vizito viweke katikati karibu na uti wa mgongo, vya kulalia chini kabisa, vya mvua juu pale mkono unafika bila kufumua kila kitu.

Sasa kukaa mwilini, hapa ndo penyewe. Hili linakuja kwa saizi za urefu wa mgongo, na usidanganyike na urefu wako wa kusimama, watu wawili wanaolingana kimo wanaweza kuwa na migongo tofauti sana. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo utakuta mfupa umetokeza kuliko wenzake, mtu akupimie kuanzia hapo kushuka na uti wa mgongo mpaka usawa wa juu wa mifupa ya nyonga, pale unaposhika kiuno. Hicho kipimo ndo saizi yako. Ukilivaa legeza mikanda yote kwanza, funga wa kiunoni ukalie mfupa wa nyonga na sio tumbo, ndo uvute ya mabegani, kisha vile vikanda vya juu ya bega uvivute kidogo tu vikae mshazari, wa kifuani mwisho. Ukifata huo mpangilio utaona mabega yanapumua, uzito mwingi umeshuka nyongani, na hili begi kwa hilo nalisifu bila kusita. Mkanda wake haubonyei hata baada ya saa nyingi.

Kubeba linabeba vizuri mpaka kama kilo 13, 14, ukizidisha hapo fremu inaanza kulalamika na mabega yanajua. Kwa Appalachian Trail inatosha, maana hakuna anayebeba chakula cha safari nzima, watu wanashuka mijini kuongeza kila baada ya siku tatu mpaka sita hivi. Piga hesabu: vifaa kilo 6 au 7, chakula cha siku tano kilo 4 kwenda juu, maji lita 2 ambayo ni kilo 2, umefika. Lakini kama unawaza Pacific Crest Trail, njia nyingine ndefu ya magharibi mwa Marekani, kule kusini mwa California kuna vipande vya zaidi ya kilomita 30 bila maji ya uhakika na unaweza kujikuta umebeba lita 5 au 6, alafu ukifika milima ya Sierra Nevada kuna sehemu sheria inakutaka ubebe kopo gumu la kuhifadhia chakula dubu wasikifikie, kopo linakula nafasi na lenyewe ni zito. Kwa huko tafuta lenye fremu imara zaidi.

Kuna watakaosema mbona Emma Gatewood alitembea Appalachian Trail yote mwaka 1955 akiwa na miaka 67, viatu vya raba miguuni na mfuko wa kitambaa alioshona mwenyewe umening'inia begani. Ni kweli na mimi kila nikichoka namkumbuka yule mama, alikua na watoto 11 na alirudi tena akaimaliza mara ya pili mwaka 1957. Ila angalia alichobeba, blanketi, koti la mvua, pazia la plastiki la bafuni, vitu vichache mno. Mfuko wake ulitosha kwa sababu ndani hamkua na kitu. Sasa wewe unayetaka hema na godoro la upepo na jiko, huwezi kuchukua mfuko wake bila kuchukua na uchache wake, kwaiyo nunua begi mwisho, baada ya kupima vifaa vyote, usije ukanunua kubwa alafu ukatafuta vya kulijazia.

Nyota niliyoitoa ni ya mvua. Maelezo yalisema kitambaa kinazuia maji, na kitambaa chenyewe kinazuia kweli, ila mishono haijazibwa na maji yanapita hapo hapo, nililifungua nikakuta soksi za akiba zimelowa chapachapa. Weka mfuko mnene wa plastiki kwa ndani, pakia humo vitu vyote, usokote mdomo, kile kifuniko cha kuvisha kwa nje pekee hakitoshi maana maji yanashuka kupitia mgongoni. Na hizo siku za mvua msizikimbie jamani. Wanaoanza Appalachian Trail wakafika mwisho ni kama mmoja kati ya wanne, wengi wanaondolewa na majeraha, pesa, au wanachoka tu moyo, na Virginia peke yake ni karibu robo ya njia, wiki kwa wiki ya miti na unyevu. Mtu aliyeshazoea kutoka na begi lililolowa wakati hata hajalazimishwa, akifika huko anajua mwili wake unafanyaje.

Uzito ongezeni polepole. Mapafu na misuli vinazoea haraka, kano haziendi kwa mwendo huo, kwaiyo unajiona una nguvu kumbe goti na kisigino bado viko nyuma, na mteremko ndo unaumiza kuliko mlima. Anza na nusu ya mzigo, shuka taratibu na fimbo mbili.

Utunzaji: chumvi ya jasho inaganda kwenye mikanda na kuchubua ngozi, lioshe kwa mkono na maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mashine ya kufulia hapana, alafu lianike kivulini huku zipu zote ziko wazi maana jua kali linachosha nailoni.