DVD Shrink: kuibana harusi ya saa mbili kwenye DVD ya kawaida

Harusi ya binti wa dada yangu ilitoka na video ya saa mbili na dakika kumi, na fundi akatukabidhi DVD moja ya tabaka mbili. Ndugu waliotaka nakala walikuwa kumi na mmoja. Mimi ndiye mwenye stesheneri, na katika ukoo wetu mwenye kompyuta ndiye fundi wa kila chenye waya, kwa hiyo mzigo ukanikuta.

DVD tupu ninazouza ni za kawaida, zile zilizoandikwa 4.7 GB. Ukizitia kwenye kompyuta unaona 4.37 tu, maana kiwandani wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Ya tabaka mbili, yaani yenye sakafu mbili za kuandikia, inabeba GB 8.5 kwa hesabu ya kiwandani. Tupu zake hapa Tanga sikuzipata ila kwa kuagiza, na hata ningezipata, deki nyingi kuukuu hazipatani nazo. Diski hizo hurudisha mwanga hafifu. Deki inatafuta weee, halafu inakuandikia hakuna diski.

Nikarudi kwa rafiki wa zamani, DVD Shrink, programu ya kompyuta ya kubana DVD kubwa ienee kwenye ndogo. Toleo lake la mwisho, 3.2.0.15, ni la mwaka 2004, faili la kusakinisha lina kama MB 1, na ni la bure. Mtu akikudai hela ili uipakue, funga ukurasa uende zako. Kwenye Windows 10 yangu inafunguka bila kununa.

Kazi yake ni kama ya fundi cherehani anayepunguza gauni lililokwisha kushonwa. Hafumui lote akaanza kukata upya, anabana mishono. Programu hii nayo haiitengenezi video upya, inapita kwenye picha zilizopo, za MPEG-2, mtindo wa video wa DVD, na kupunguza chembechembe zake. Ndiyo maana ni nyepesi. Kwangu harusi nzima ilichukua kama dakika 25. Ukiwasha “Deep Analysis”, inaipitia video yote kwanza ili ijue wapi pa kubana sana na wapi pa kuonea huruma, na muda unakaribia mara mbili. Mimi huiwasha kila mara, nikaenda kuchapa barua za watu.

Mara ya kwanza niliitia diski nzima kama ilivyo, MB 7,200, wakati nafasi iliyopo ni 4,464. Ule mstari wa juu unaopima kama video inaenea ukabaki mwekundu. Nilipochungulia ndani nikacheka peke yangu: sauti zilikuwa mbili, moja ya ukumbini na nyingine taarabu aliyoipandikiza fundi, na zote mbili PCM, yaani sauti ghafi isiyobanwa hata kidogo. Sauti ya namna hiyo inakula kilobiti 1,536 kila sekunde. Kwa saa mbili na dakika kumi ni zaidi ya MB 1,400 kwa kila moja! Na hapa ndipo penye kasoro kubwa ya DVD Shrink: sauti haiibani. Ama uibebe nzima, ama uiache. Picha peke yake ndiyo inayolipia.

Nikaondoa alama ya tiki kwenye taarabu ya kupandikiza. Mstari ukawa kijani, kiwango kikasoma asilimia 70 hivi, yaani picha imebaki na asilimia 70 ya ukubwa wake wa awali. Nikaona mambo si hayo, nikachoma moja, nikaiweka kwenye televisheni ya dukani. Bwana harusi akiwa amekaa kimya kwenye kiti, picha safi. Shida ilianza wanawake walipoinuka kutunza. Mama mkubwa alikuwa amejifunga kisutu, na kila mwenye kukijua kisutu anajua zile nakshi ndogondogo nyekundu, nyeusi na nyeupe zilivyosongamana. Akisimama, unaziona. Akizungusha nyonga tu, kisutu kizima kinageuka vijumbajumba kama sakafu ya vigae, akitulia nakshi zinarudi. Mteja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akaniuliza kama televisheni imeingia maji.

Kwa hiyo msiishangilie rangi ya kijani. Inakwambia video imeenea kwenye diski. Kama inatazamika, hilo ulione kwa macho yako. Mimi chini ya 80 sishuki tena. Kama lazima ushuke, afadhali programu inayoitengeneza video upya, DVD Rebuilder pamoja na HC Encoder kwa mfano, uiache ikeshe usiku kucha.

Mara ya tatu nikaingia “Re-author”, mahali pa kuchagua vipande unavyovitaka. Nikayaacha nje maonyesho ya picha za mnato, MB 600 zile. Nikasogeza mwanzo mbele dakika 7 kuukwepa msafara wa magari, na mwisho nikaurudisha nyuma dakika 5, ile foleni ya kupiga picha na maharusi ambayo hata waliokuwamo hawaitazami. Kiwango kikapanda hadi asilimia 93. Kisutu kikawa kisutu.

DVD Shrink yenyewe haichomi, inakutolea faili la ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja. Mimi huchomea programu nyingine, ImgBurn, kwa kasi ya 4x, haraka haraka naiogopa. Filamu za dukani sijui nimwambie nini mtu: programu iliyokoma mwaka 2004 haina habari na kufuli za baadaye za kuzuia kunakili, na mimi kazi yangu ni harusi na maulidi.

“Re-author” inafuta menyu, na nilidhani watu watalalamika. Nilipompelekea mama mkubwa nakala yake Pangani, nikamwamkia, nikaitia kwenye deki, nikauliza rimoti iko wapi.

“Rimoti ilipotea Ramadhani ya mwaka juzi, mwanangu. Zile CD zinazotaka kubonyezwabonyezwa nimeziweka kabatini.”

Ikaanza kucheza yenyewe. Akasogeza kigoda hadi karibu na kioo, akangoja sehemu yake.