CMA wamenihudumia vizuri

Nilikuwa mpishi wa hoteli, umri miaka 53, meneja akaniachisha kazi kwa barua inayosema jikoni sasa wanataka "damu changa". Niliipeleka barua hiyo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), chombo cha Tanzania kinachoshughulikia migogoro ya kazi. Jamani, wale watu wanasikiliza! Dada wa mapokezi alinielekeza kujaza fomu F1, ile ya kufungua shauri, kipengele kwa kipengele, wala sikuhitaji wakili. Msuluhishi akamwonyesha mwajiri kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza waziwazi ubaguzi wa umri. Unaweza kudai kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Mimi nilichagua fidia. Ila siku 30 za kufungua shauri la kuachishwa kazi ni chache mno kwa mtu aliyechanganyikiwa, kwa hiyo nendeni mapema, na barua zenu mkononi.